Stempu katika Kopo la Unga

Tukuyu mvua haiulizi msimu.
Stempu ukiziacha mezani zinashikana migongo
kama watoto wa kitanda kimoja,
na bahasha hujifunga zenyewe
kabla hatujatia neno ndani.
Ndiyo maana Tusekile huziweka kwenye kopo la unga,
na barua zetu, ziendako kote,
huenda na vumbi la mahindi pembeni.

Tuko sita, Jumamosi ya kwanza ya mwezi,
chumba cha cherehani nyuma ya kanisa.
Ambakisye aligonga mihuri posta miaka thelathini na mmoja;
mkono wake wa kulia bado hushtuka ukiona karatasi.
Lugano wa bodaboda hufuata chai, kasema mwenyewe.
Mimi nina mwandiko. Sina kingine.

Mwezi huu ni mwalimu wa hesabu.
Nchi yake tuliitafuta kwenye ramani ya shule
tukaikuta nusu imeliwa na mende.
Baada ya ghasia alihesabu makaburi,
akapata mengi kuliko ya serikali.
Jumla yake ilikuwa sahihi.
Wakampa miaka kumi na miwili.

Jina lake lina herufi nne zilizobanana bila irabu.
Lugano akazitilia irabu zake, mbili hapa, moja pale,
na sasa mwalimu anaitika kama mtu wa Kyimbila.

Nikaandika: Mheshimiwa Waziri.
"Mheshimiwa kwa lipi?" Lugano akaweka kikombe chini.
Tusekile hakuinua mguu kwenye pedeli:
"Ng'ombe mpiga mateke,
siku ya kumkamua unamwitaje?"

Basi, Mheshimiwa.
Hatukutukana. Tulisema tunamjua kwa jina,
tunajua ana miaka hamsini na mitatu,
tunajua miwani yake ilivunjwa kioo cha kushoto
na kwamba mpaka leo hajapewa nyingine.
Tuliomba aachiwe.
Tuliomba, kwa sasa, miwani.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani.
Mtu mmoja, simtaji, akauliza
kama karatasi imewahi kuvunja kufuli.
Cherehani ikanyamaza.

"Baba yangu," Tusekile akasema,
"walimchukua na panga la kukatia ndizi mkononi.
Jirani hakumtaja hata kwenye maombi.
Mwaka wa pili ikamfikia barua
ya mwanamke wa nchi ya theluji.
Kiswahili chake alikichimbua kwenye kamusi:
Bwana mpendwa, mimi ni mwanamke wa kuku.
Alikuwa anafuga, nadhani.
Kuku wangu kumi na moja wanakukumbuka.
Haikumfungulia mlango.
Ila askari aliyemletea, asubuhi ile,
alianza na shikamoo."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.
"Alirudi nayo kwenye pindo la koti.
Jasho limeifuta yote, haina hata herufi,
na bado alikuwa akiisoma."

Hakuna aliyejibu. Mvua ilijibu bati.

Ambakisye akatoa mfukoni bahasha yetu ya Machi,
imerudi, imegongwa HAJULIKANI kwa wino mwekundu.
Nilidhani atasikitika.
Aliinusa. Aliigeuza kuelekea taa.
"Muhuri huu umegongwa kwa hasira," akasema,
"tazama ulivyopinda.
Mtu ambaye hajulikani
hakasirikiwi hivi."

Saa kumi na moja Lugano akazitia barua
ndani ya shati, kati ya fulana na ngozi,
akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni
akateremka na utelezi kuelekea posta.
Nauli hakudai. Chai alikunywa vikombe vitatu.

Nimebaki nafuta meza.
Daftari linasema: barua mia mbili na kumi na tisa.
Waliotoka, wanne.
Kama ni sisi, au ni homa ya mkuu wa gereza,
au ni uchaguzi, au Mungu, sijui;
nimejumlisha, nimetoa, haigawanyiki.
Hesabu hii inamtaka mwalimu.