Mkwaruzo wa Bangili

Ugonjwa ulitupata siku moja, mimi na kakangu Shekuwe:
Subaru ya buluu, pua juu ya boneti kama inanusa vita,
ikiteremka melini pale Kilindini,
nami na karatasi zangu za ushuru, kalamu imenikaukia.
Usiku, kule Tudor, tukapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Mama alidhani twazungumza posa.

Dalali wa Mbaraki, Bwana Kassamali,
mwenye jino la dhahabu na kikokotoo kinachokula jua,
hakututajia bei. Alitutolea ubeti:

*Gari la kasi ni moto, halikai mfukoni,*
*Bei yake kama mto, yateremka bondeni,*
*Kukodi nako ni ndoto, uamkapo huoni,*
*Basi chagua msoto, wa leo au mwakani.*

Tukacheka. Kisha kila mtu akachagua wake.

Shekuwe akatia saini: miaka mitatu, gari jipya,
kila mwezi kodi, na mwisho wake funguo mezani.
"Thamani ikishuka," akasema, "itamshukia mwenyewe."
Mimi nikanunua la miaka minane,
fedha za chama, na deni la benki juu yake,
nikijiambia: langu ni langu, hata likioza.

Likaanza kuoza.
Chumvi ya hapa haina haya. Iliingia chini ya milango
kimyakimya, kama mpangaji asiyelipa.
Fundi Kazungu wa Changamwe akagonga kwa bisibisi,
unga mwekundu ukamwagikia viatu vyake.
"Dada, lingekuwa Nairobi, hili ni milioni.
Hapa ni kutu yenye turbo."

Lakini nililiendesha. Wallahi, nililiendesha.
Alfajiri, kabla malori ya Miritini hayajaamka,
gia ya tatu, lile guno likinipanda uti wa mgongo,
mimi, karani wa ushuru, buibui na kandambili,
nikiiacha Mazeras nyuma, na bei zote.

Shekuwe alipewa kilomita elfu kumi na tano kwa mwaka.
Harusi moja Malindi, maziko mawili Garsen,
na safari za Voi ambazo hakuna aliyemuuliza:
kufika Shaabani, zimekwisha.
Kila kilomita ya ziada, faini.
Basi gari likalala chini ya turubai
na mwenyewe akaenda kazini kwa tuktuk.
Jioni alilifuta, akaliwasha dakika tano,
likanguruma pale pale lilipo,
naye kama mlinzi wa duka la sonara
anayelala mlangoni.

Siku ya kurudisha, mkaguzi alizunguka na tochi, mchana kweupe.
Mlango wa kushoto akakuta mkwaruzo, urefu wa kidole.
Bangili ya mwanangu Lulua, siku ya Idi,
alipomrukia mjomba wake kabla hajashuka.
Shilingi elfu kumi na nane.
Shekuwe akalipa, akanyamaza mpaka Makupa.
Kisha: "Miaka mitatu.
Alama moja tu kwamba nilikuwemo,
nami nimewalipa waifute."

Langu niliuza mwaka uliofuata, theluthi ya bei.
Kijana wa Bombolulu alihesabu noti
huku vidole vikimtetemeka. Niliujua ugonjwa ule.
Daftari langu lina shimo mpaka leo,
na Kassamali akiniona barabarani
hugonga jino lake kwa ukucha, akapita.

Lakini kuna usiku, madirisha wazi kwa joto,
hulisikia likipita.
Gia ya tatu anaitia mapema mno, kijana yule,
namwambia gizani, ngoja, ngoja kidogo.

"Lako hilo," Shekuwe asema kutoka chumba cha pili.
Kumbe naye hajalala.

Simjibu.
Nalifuata kwa sikio, kona hadi kona,
mpaka lipotee.