Askari wa Kukodi

Daktari Besarioni alinipa kioo.
"Cheka, bibi Tsiala."
Nikacheka.
Aliyecheka kule ndani hakuwa mimi:
mwanamke fulani, kinywa cheupe kama ukuta wa hospitali,
askari ishirini na wanane mstarini,
askari wa kukodi
wasioijua nchi waliyotumwa kuilinda.

Wiki ya kwanza nilikula gomi,
ugali wetu laini wa huku Kutaisi,
jibini imeyeyukia katikati.
Hapo hakuna vita. Hata kibogoyo ni jemadari.
Wiki ya pili, mkate.

Tafuna pande zote mbili kwa pamoja, alisema daktari,
ukiegemea upande mmoja
meno yatayumba kama meza yenye mguu mfupi.
Using'ate kwa meno ya mbele, hayo ni ya kupigia picha.
Kata vipande vidogo. Kisha vikate tena.

Nikajifungia jikoni, pazia nimeshusha,
kama mtu anayehesabu fedha za wizi.
Ka, yakasema meno. Ka. Ka.
Paka akatoka.

Mbegu moja ya tini ilipenya chini ya meno,
mbegu ndogo kuliko nukta,
ikaniketisha kitako, machozi yananitoka.
Na habari za mchuzi hakuna aliyenionya:
kaakaa langu limeezekwa plastiki,
moto haupigi hodi tena,
unapita kimya kimya
unakuja kujitambulisha kooni.

Hapo ndipo nilipokukumbuka, Noe.

Miaka tisa ulikula mbele yangu na meno kama haya.
Miaka tisa nakwambia, maliza, chakula kinapoa.
Kumbe ulikuwa unangoja kipoe.
Ulikata tufaha vipande vyembamba kama stempu,
nami nikasema, mbele ya wageni,
"Mume wangu anadonoa kama kuku wa maonyesho."
Wageni wakacheka.
Ulicheka nawe, midomo imefumbwa.

Tena siku ile ya kufua koti lako
nikakuta mfukoni kipande cha nyama,
umekifunga vizuri kwenye karatasi.
Nilinuna siku mbili.
Nilidhani umeyadharau mapishi yangu.
Nyama ilikuwa ngumu, Noe.
Ungesema.
Au ulisema, mimi nikasikia *ka* tu.

Jumapili mjukuu wetu Mamuka alibatiza mtoto.
Zikaja hinkali, sinia tatu, zinafuka moshi.
Wewe wazijua: pochi ya unga, nyama na mchuzi tumboni,
unaishika kikonyo, unaitoboa kwa meno, unafyonza,
na anayeigusa kwa kisu
afadhali angezaliwa kwa watu wengine.

Nilichukua kisu.

Mchuzi ukamwagika sahani nzima.
Meza ndefu ile, nilihisi macho yote yamehamia kwangu
(pengine hayakuhama, watu walikuwa wanakula).
Guliko, jirani yetu, aliyekaa kushoto kwangu,
akaitazama sahani yangu, akamega mkate,
akauchovya kwenye mchuzi wangu uliomwagika,
akala,
akaendelea na habari za paa lake linalovuja.

Nilikula hinkali tatu.
Kwa uma. Pande zote mbili kwa pamoja.
Ya nne ilinishinda, nikaiacha pale pale mezani,
sikuificha mfukoni. Nilitaka kukwambia hilo.

Sasa ni usiku.
Bilauri yako yenye ufa, niliyotaka kuitupa kila mwaka,
nimeijaza maji, inawangoja askari.
Lakini kabla hawajalala
nimechuma tufaha la mti wako, lile la upande wa uani,
nimelikata vipande ishirini na kimoja,
nikala vyote, polepole,
na maganda yake.

Imechukua nusu saa.
Hakuna aliyeniambia nimalize.