Safu ya Tatu

Daftari la duka letu lina safu tatu:
tarehe, hatari, hatua iliyochukuliwa.
Lorna Pengelly alilipigia mistari mwenyewe
kwa rula na wino wa kijani,
mwaka tulipofungua duka la mitumba
pale Wallaroo, nyuma ya kanisa,
ili kila senti iende kwenye gari la wagonjwa.

Tarehe sita Machi: Ngazi. Mguu wa kushoto hauna raba.
Tarehe kumi Mei: Ngazi, kama nilivyosema.
Agosti hakuandika tarehe. Aliandika: NGAZI.

Mimi ndiye mwenyekiti.
Nilisoma. Nikafunua ukurasa.
Nilijiambia, hapa hakuna mwajiri wala mwajiriwa,
sote tumekuja na mikono yetu na biskuti zetu,
nani amwamuru nani?
Tena ngazi yenyewe tulipewa,
na cha kupewa, nani akikosoe?

Novemba, Mervyn Trezise, miaka sabini na mmoja,
alipanda kuteremsha boksi la Krismasi.
Nilikuwa nahesabu chenji.
Sikusikia kishindo. Nilisikia vipira vya kioo
vikiruka, vikipasuka,
kimoja kikaja kinabingirika taratibu
hadi kwenye kiatu changu.

Nyonga. Pini nne za chuma.

"Ajali haina kinga," nilisema kikaoni,
kwa sauti ya msibani.
Lorna hakuinua uso. Alisukuma daftari,
likateleza mezani likanifikia tumboni.
Kinga ilikuwepo. Iko dukani kwa Hocking, rafu ya chini,
raba mbili kwa pakiti, dola nne.

Mkaguzi alifika Jumanne, binti mwenye buti safi.
Akauliza: Nani mwenye dhamana hapa?
Tulikuwa wanane.
Wanane tukatazama birika.
Hakutukaripia. Alisema tu
afanyaye kazi bure hana mifupa ya bure.

Kujitolea: nimelitafuna neno hilo usiku kucha.
Ndani yake mna kutoa.
Hamna kujitoa mhanga,
wala hamna, nimetafuta sana,
kujitoa lawamani.

Hospitalini Mervyn ndiye aliyeniomba radhi.
"Vile vipira," alisema, "nitavilipa."

Leo asubuhi nimeikata ngazi vipande saba,
msumeno butu, jasho hadi kwenye miwani.
Kisha nikaketi na daftari.
Safu ya tatu ni nyembamba;
Lorna hakudhani tungekuwa na mengi ya kueleza.
Mbele ya Machi nimeandika: Imeondolewa.
Mbele ya Mei: Nilisoma.
Mbele ya ile ya Agosti, isiyo na tarehe,
nimeandika jina langu, lote,
pamoja na lile la katikati
ambalo mama pekee aliliita,
na aliliita akikasirika.