Bado

Kengele nilizileta dazeni sita,
za shaba, zinang'aa kama meno ya bwana harusi,
nikazipanga mlangoni, Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani nzima izione.
Zikashika vumbi. Mimi nikashikwa na deni.

Mpwa wangu Mkasi hakunionea huruma.
Alichana kalenda ya mwaka jana, akaigeuza mgongo,
akapiga mistari, spoki ikiwa rula:
Nani. Anakwenda kufanya nini. Kinamkwaza nini.
"Na safu ya bidhaa?"
"Hiyo haijaja, mjomba. Sikiliza kwanza."

Nikasikiliza, miye niliyezoea kusifia.

Semkiwa wa maziwa, kutoka Pongwe,
kila wiki spoki nne.
Miaka mitatu namwita mteja mwema!
Kumbe keria yake nyembamba, madumu yanalalia upande mmoja,
gurudumu linalia njia nzima.
Hakuwa na haja ya spoki.
Alikuwa na haja ya kutonihitaji.

Bi Mwanahawa, mikate, Chuda,
aliulizia sabuni ya kutoa grisi.
Nikataka kumwambia duka la baiskeli hili, bibi.
Lakini kalenda iliuliza, na pindo la baibui likajibu:
limetafunwa na mnyororo.
Nikamfungia kifuniko cha bati.
Kesho yake wakaja shoga zake watano,
hata mmoja hakutazama kengele.

Basi keria pana, basi vifuniko,
deni likanywea, mgongo wa Januari ukajaa,
tukahamia Februari.
Nikajiona tabibu.

Ndipo akaingia binti wa miaka tisa, sare ya shule,
sarafu zimelowa jasho kiganjani.
"Kengele."
Wewe nani? "Mwanamtama."
Unakwenda kufanya nini? Akapandisha bega.
Kinakukwaza nini? Akaitazama kalenda, akanitazama mimi,
kama anayechagua nani kati yetu ana akili.
"Baiskeli yako iko wapi, mwanangu?"
"Bado."

Akaipiga palepale, mara moja.
Mafundi wangu wawili, waliochuchumaa nje juu ya pancha,
wakasogea kupisha.
Akapita katikati yao kwa miguu,
mkono mmoja umeshika usukani usiokuwapo,
akakata kona kuelekea Kumi na Tatu
bila kupunguza mwendo.

Mkasi kainua kalamu, anangoja.
Andika, nikamwambia, safu ya tatu: bado.
Kisha nipe kitambaa,
hizi nyingine nizipanguse.