Tiki

Niliomba kiraka kimoja tu,
hapa Kiborloni, chumba cha nyuma ya duka la mbegu,
bando la elfu mbili likiwa bado bichi.
Kikaja na shemeji zake:
kiigizi cha simu nisiyoimiliki,
kamusi za lugha kumi na nne, Kiswahili hamna.

Elinaike akachungulia kioo, akacheka:
"Mgeni kaja. Mwenyeji atapona saa ngapi?"

Nikafuta. Vikarudi.
Nikazima, nikawasha, nikafuta tena,
vikarudi vimenenepa.

Saa nane usiku nikakiona,
chini kabisa, kwa wino wa kijivu:
kisanduku, tiki imeshawekwa,
na mkono si wangu.

Nikaitoa.
Diski ikashusha pumzi.
Bando lilikata roho zamani;
asubuhi nitamkopa Elinaike buku,
nivumilie na kicheko chake.