Daftari la Stoo

Saa tisa na nusu. Kipande cha reli kimegongwa.
Wavulana wamekwisha kuja, wamesaini,
mpira namba tano umetoka mbio
hadi kwenye ua wa minyaa, vumbi jekundu nyuma yake.
Daftari langu limejaa wao:
Mnyamagola, Sudai, Mnyamagola tena,
saini zimekorogeka kama njia za siafu.

Ukurasa wa wasichana
una tarehe moja ya mwezi wa pili
na doa la chai yangu.

Mpira wa pete uko rafu ya juu.
Jana niliufuta kwa pindo la kanga,
nikaudundisha mara moja sakafuni,
ukanijibu kwa sauti nene: bado nina pumzi.
Nyie je?

Nawaona mlivyojipanga kwenye ukuta wa Kidato cha Pili,
masweta yamefungwa kiunoni na jua lote hili la Chamwino,
mnachora chini kwa vijiti,
mnawahesabia wengine magoli.
Roda, uliniambia huna pumzi.
Leo alfajiri nilikuona ukipanda kutoka korongoni,
ndoo ya lita ishirini kichwani,
mchanga ukikumeza hadi vifundoni,
na halikumwagika hata tone.
Nani basi mwenye pumzi shuleni hapa?
Na Merina, mbuzi wa bibi yako akiingia kwenye zabibu za watu
unamkimbiza mpaka anajisalimisha mwenyewe.

Najua mnachoogopa. Sikuzaliwa na funguo hizi mkononi.
Sketi kuinuliwa na upepo wa Julai.
Siku zako kukujia bila hodi, katikati ya mchezo.
Shangazi wa njiani: mbio zote hizo, unakimbilia wapi?
Mvulana mmoja tu acheke,
uwanja mzima unageuka mbigiri.

Mimi nilikuwa mlinda goli. Cheka, Roda, lakini nilikuwa.
Mwaka tuliofika nusu fainali kule Mpwapwa
niliona doa dogo nyuma ya sketi,
nikasema naumwa kichwa.
Lori likaondoka na nafasi yangu wazi,
wenzangu wakiimba hadi kona ya mashine ya kusaga.
Kichwa hicho, wanangu,
huu mwaka wa ishirini na sita, hakijapona.

Kwa hiyo nimefanya hivi.
Kwenye boksi la chaki, chini ya meza, kuna pedi.
Nimeziandika "vifaa vya michezo"
na mkuu wa shule amesaini bila kuuliza.
Kuna bukta tisa nyeusi, ndefu, za heshima;
fundi Ndahani kazishona kwa mapazia ya zamani ya bwalo.
Mistari nimeichora kwa majivu ya jikoni.
Mbigiri nimezing'oa. Si zote.
Pete ni ringi ya baiskeli, imepinda kidogo,
itawafundisha kulenga.

Sitawadanganya kwamba mtashinda.
Wale wa Kongwa wana viatu.
Siwaahidi kombe, wala jina redioni.
Ninachokijua ni kimoja:
kuna nukta, mpira ukiwa hewani
na mikono yako juu ikiungoja,
ambapo hakuna anayekutuma maji,
hakuna anayepima kiuno chako kwa macho,
hata wewe umesahau una kiuno.
Nukta hiyo ni yako.
Mimi bado nazikumbuka zangu, kumi na moja hivi.

Kalamu iko mezani, imefungwa uzi isiibiwe.

Debora ameinuka.
Anakung'uta sketi, anawaaga wenzake,
anajifanya anakwenda kunywa maji.
Bomba liko kule, mwanangu,
huku ni stoo.

Ingia.
Andika jina lako lote.