Kitonga Haikai Kwenye Vina

Wamesema neno Kitonga litoke.
Mjini hawalijui, alisema Gadi,
akizungusha kiti chake ghorofani pale Mshindo,
chai ya tangawizi ikipoa kwenye kikombe chenye nembo ya lebo.
Weka moyoni, Alatanga. Moyoni kila mtu amefika.

Mimi moyoni sijaona lori likipinduka.

Nimeona Kitonga, ukishuka, kona ya tatu:
magunia yamepasuka,
viazi vinabingirika kuelekea korongoni,
na watu wanaokota viazi kwanza,
kisha Vitalisi.
Tingo wa miaka kumi na tisa, kiatu kimoja.
Sikuwalaumu. Ilikuwa Februari, mahindi bado mabichi.
Hilo nalo niliimba, ubeti wa pili.
Ubeti wa pili wameukata, unachelewesha kiitikio.

Mkataba nilisaini Juni, vidole vimekufa ganzi,
mama akinisubiri chini kwenye ngazi, kajifunika shuka mbili.
Kifungu cha saba: sauti, jina na maneno.
Nilidhani ni orodha ya vitu watakavyonitunzia,
kama jirani unayemwachia mbuzi ukisafiri.
Jirani amechinja.

Wametoa na kikohozi cha babu
pale mwanzo, kabla hajagusa ligombo.
Uchafu, alisema fundi mitambo,
kisha akazinyoosha nyuzi kwa mashine
hadi zikalia kama kinanda cha parokiani,
zote zina adabu.
Babu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole:
huyu anayepiga ni nani? Anajua.

Nimepanda zile ngazi mara nne.
Mara ya kwanza nilibembeleza.
Ya pili nilifoka, na Gadi akasema
sauti hiyohiyo ndiyo tunayoitaka studio.
Ya tatu hayupo, ila koti lake lipo.
Ya nne nilitajiwa bei ya kuvunja mkataba.
Nikaigeuza kuwa magunia, ndiyo hesabu ninayoijua:
malori matatu, yamejaa, yamefungwa turubai.
Nikaifikiria ile kona.

Jana Ipogolo, kwenye kibanda cha chipsi, redio ikaniimba.
Moyoni, moyoni, moyoni.
Kijana muuzaji anatikisa kichwa, mafuta yanachemka,
viazi vinaelea.
Mtamu huu, dada, akasema. Sijui analiliwa nani.

Nikamwambia jina.
Nikamwambia mwezi, kona, kiatu.
Chipsi ziliungua, na hakuzitazama.

Usiku, nyumbani Kihesa, nimemwomba babu akohoe tena.
Kwa makusudi hawezi. Amejaribu, amecheka,
na kicheko kimekileta chenyewe, kirefu, cha kifuani,
kile cha moshi wa kuni na miaka ya kulima pareto.
Simu imelala juu ya kinu kilichopinduliwa, inarekodi.
Uzi wa nne umelegea. Tumeuacha.

Wimbo ni wao, karatasi inasema, miaka mitano.
Basi mimi siimbi.
Babu anapiga, mimi nasema tu,
taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:
Kitonga.
Ukishuka. Kona ya tatu.
Vilikuwa viazi vya mzee Lulandala,
na kiatu cha pili tunacho sisi.